Tulivyomkalia Mwenyekiti Nnadi

Jumanne, 4 Machi
Mwenyekiti Nnadi kajenga ukuta katikati ya njia ya mtoni. Mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa. Kichwa kigumu tangu siku ile! Sasa tunazunguka na ndoo hadi barabara kuu, kwa magoti haya.

Wanawake tumekata shauri: Alhamisi tunamkalia. Tutajaa uani kwake, tumwimbe hadi aone haya. Kiongozi ni nani? Ugoye! Sauti ya mbuzi mwenye mafua. Akanigeukia mimi hasa: mtu asionje kitu kwa Nnadi, ukila chake umemsamehe. Mimi mtoto?

Nitamtangulia. Nianze wimbo mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Nilifika kabla ya wote. Nikaimba peke yangu. Mbwa akaitikia.

Mke wa Nnadi akatoka na kiazi kikuu cha moto, mawese, samaki wa kukaushwa. Bibi, baridi hii, eti. Nani angeniona?

Wote! Wakanikuta kidevu kinang'aa mafuta. Nnadi akacheka: mama zangu, mwenzenu kala kwangu, kesi imekwisha, nendeni salama. Wakarudi, ndoo tupu. Ugoye akanipigia kelele njia nzima: tumbo lako ni ukuta wa pili!

Ijumaa, 7 Machi
Wamenitoza mbuzi. Yule mweusi! Wamemla mchana huu, kosa langu limefutwa, kesi imefunguliwa upya. Mimi nikae nyuma, mdomo nifunge. Nyama wamepika vibaya.

Jumamosi, 8 Machi
Tumemkalia. Polisi akaja akauliza kibali. Ugoye kigugumizi. Mdomo wangu ukajifungua wenyewe. Nikamwambia, mwanangu, jiwe huoni, fimbo huoni, tumeleta makalio na nyimbo tu. Kura Nnadi tulimpigia sisi. Tukishapiga ndiyo tukatwe ndimi? Tukinyamaza atajuaje tuna kiu? Wewe mama yako anateka maji wapi?

Akasema: barabara kuu. Kumbe mama yake anazunguka kama sisi. Akaenda kusimama kivulini, akatuacha.

Tukaimba hadi jioni. Hakuna aliyeonja hata maji. Nnadi akatoka mwenyewe na nyundo.

Jumapili, 9 Machi
Njia wazi. Ugoye kabebwa juu juu kama bibi harusi. Eti umoja umeshinda. Umoja! Ni mdomo wangu.

Sasa tunakwenda kwa mganga mkuu, zahanati haina muuguzi. Ugoye kasema tuondoke pamoja, Jumatano, mtu asitangulie. Nimeitikia vizuri sana.

Mimi nitaondoka Jumanne.