Malalamiko Kuhusu Chupa Iliyotumbukizwa Kwenye Chemba Yetu

Banda la Kitimoto,
Nyuma ya Stendi,
Mikumi.

Kwa Daktari Tumwagile, Mkuu wa Wapima Majitaka,

Shikamoo. Kwa umri wewe ndiye ungeniamkia, lakini cheo chako kimenipita na mwenye shida ni mimi.

YAH: CHUPA YENU

Mimi Octavian, mwenye banda la nyama ya nguruwe lililotajwa hapo juu, naandika kwa heshima zote na hasira kidogo. Timu yako ilichota kwa chupa maji ya chemba inayopokea vyoo vya mtaa wetu, kisha ukatangaza kwenye mkutano wa mtaa kwamba humo mna kirusi cha homa ya ini kitokacho kwa nguruwe. Mkutano mzima uligeuza shingo ukaniangalia. Tangu siku hiyo wateja wanapita upande wa pili wa barabara.

Hayo ningeyavumilia. Lakini binti yangu Joyce, ambaye tumboni amembeba mjukuu wangu wa kwanza, alikusikia ukisema wajawazito ndio huumia zaidi. Alifungasha begi na sufuria yake, akaenda kwa shangazi yake Kidete. Anasema hatajifungulia kwenye nyumba inayolishwa na banda langu. Naumia sana, Daktari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nguruwe wangu hawajawahi kuingia choo cha mtu. Ulipoulizwa kirusi chao kilifikaje humo, ulijibu kwamba kimepitia kwa mlaji. Basi ashitakiwe mlaji.

2. Mlichota katikati ya Kwaresima, wakati mtaa mzima, kwa maneno ya wenyewe, ulikuwa umeacha nyama. Chemba imesema mengine. Mzee wa kanisa Melkizedek hanisalimii tena, kana kwamba ni mimi niliyemtaja, na ilhali kilo zake nilikuwa nazifunga kwenye gazeti na kumpitishia dirishani bila kumwambia mtu yeyote.

3. Watu wameichukulia chupa yenu kama mtihani wa Taifa. Siku ya kuchota, ili mtaa ufaulu, hakuna anayeingia choo chake. Alfajiri wanapanda basi kwenda kwa ndugu zao Dumila na Mvumi, wameuma meno, hawasemeshani. Jioni wanarudi wamechangamka. Shemeji yangu Yeremia wa Mvumi anauliza kwa nini tumempenda ghafla namna hii, na kwa nini mgeni akifika hataki hata chai kwanza. Mara ya mwisho mlitangaza kwamba kirusi kimepungua, na akina mama wakapiga vigelegele.

4. Kule hifadhini kuna ngiri, ndugu kabisa wa nguruwe wangu. Wao wanapigwa picha na watalii, wangu wananyooshewa vidole. Naomba nao wapimwe. Nyani pia. Na tembo akivuka barabara kuu, mtumishi wako mmoja amfuate nyuma na chupa, ili haki ionekane imetendeka.

5. Banda langu lina desturi. Pande la kwanza hula mwenye banda mwenyewe, likiwa bado linatoa maji mekundu, wateja wakishuhudia, ili wajue hakuna hila. Uliposema nyama ipikwe mpaka iive kabisa, nilicheka. Kama kirusi kingekuwepo, mimi ningekuwa mtu wa kwanza kujua.

Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri kwamba kitimoto changu hakina neno, nimpelekee Joyce arudi nyumbani. Naomba pia chemba yetu ifungwe kufuli, na ufunguo nikae nao mimi.

Wasalimie wachotaji wote, hasa Vitalis aliyeteleza pale chemba. Mwambie kandambili yake imeonekana. Msalimie na yule wa darubini, ingawa ndiye chanzo cha haya yote.

Wako mwenye ini safi,
Octavian

N.B. Barua hii imekaa mfukoni siku kadhaa nikitafuta wa kumpa. Leo asubuhi mke wangu Scholastica amenivuta mlangoni penye mwanga, akanitazama macho. Yamekuwa ya manjano, na mkojo unafanana na chai ya rangi. Nimekuwa mtu wa kwanza kujua. Muhuri siuhitaji tena. Namshukuru Mungu kwamba mwanangu hakunisikiliza. Mkienda kuchota Kidete, mwambieni Joyce kwamba baba yake amesema asirudi kwanza, na ile sufuria yake asimwazime mtu.