Pampu ya Samaki wa Bwana Mifugo

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kewanja.

Tangi la samaki limefika. Limekuja kwa pikapu, limeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa. Nimelipata kwa fundi mitambo mmoja mgeni wa mgodini, anarudi kwao. Samaki watano wa rangi ya chungwa, kokoto, taa, kila kitu. Isipokuwa pampu. Pampu yake iliungua. Alisema nitafute nyingine, ni kitu kidogo tu.

Sababu ya tangi naiandika hapa, mahali pengine popote siisemi. Machage anaitaka nyumba hii. Ana maboza ya maji, ana meno mawili ya dhahabu, na sasa anataka sebule yangu iwe stoo ya mabomba yake. Amekwishakwenda kwa mwenye nyumba, Mzee Werema, na mzee amejibu kwamba atakuja kuiona nyumba kwanza, ndipo aamue. Sisi tumepanga hapa tangu nilipohamishwa kutoka Moshi kuja kuwa afisa mifugo wa kata. Mke wangu Honoratha ni muuguzi, anakwenda zahanati kwa miguu. Sukuma wiki zake ndiyo kwanza zinachumwa. Hatuhami.

Mpango ni huu. Mzee akiingia, akute ajabu. Nani anafukuza ajabu iliyo ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Jioni tuliwasha taa ya tangi. Sikuwa nimejiandaa. Maisha yangu yote samaki nimewaona kwa juu, mtoni, au kwa ubavu, kwenye sahani. Sijawahi kumwona samaki akiwa katika shughuli zake. Anasimama hewani bila kushika kitu! Mkia unafunguka taratibu kama kitambaa cha harusi. Honoratha alikuwa ameshaanza kunisema. Akanyamaza katikati ya neno. Tangu tuoane sijawahi kuliona hilo.

Jumatano, 5 Juni.

Nimepata pampu ya hewa hapa Nyamongo. Muuzaji aliapa haina kelele. Duka lake limepakana na mashine ya kusaga, kwa hiyo ni kweli sikusikia kelele yoyote.

Nyumbani nikasikia. Vikombe vilitembea kabatini. Kuku wa jirani waliondoka.

Hapo hapo Mzee Werema akaingia. Mrefu, koti la suti, fimbo. Nikampa shikamoo, hakuisikia. Nikairudia kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Akaitikia, kisha akauliza ni nani anayekoroma humu. Nikamweleza ni mashine inayowapumulia samaki. Akasema hiyo mashine yenyewe ipelekwe hospitali. Akageuka mlangoni. Niliona sebule yangu imejaa mabomba.

Honoratha akachomoa waya.

Katika ule ukimya mzee akaliona tangi. Akarudi. Akavua kofia, akachuchumaa, na magoti yake yalilia, lakini akachuchumaa. Samaki mmoja, mwenye mkia mweupe, alikuja hadi kwenye kioo wakatazamana. Muda mrefu.

"Kumbe wana uso," alisema.

Alikaa mpaka mbuzi wakarudi kutoka malishoni. Aliuliza wanalala lini kama hawafumbi macho. Aliuliza kama wanatuona au wanaona maji tu. Mimi ni afisa mifugo, nimesomea, na sikujua. Alituambia hajawahi kula samaki tangu azaliwe, na leo amejua kwa nini. Nyumba hakuitazama hata kidogo. Wala kuta, wala paa linalovuja.

Atakuja tena kesho. Mpango unafanya kazi. Tatizo ni pampu.

Jumamosi, 8 Juni.

Nimetoka Sirari, mpakani. Honoratha alinipa maagizo mlangoni: nitafute ndogo, isiyo na kelele, isiyokula umeme, na iwe imara. Aliniambia nitazame wati zilizoandikwa kwenye boksi. Nilimjibu kwamba mimi ndiye ninayejua wanyama.

Muuzaji alikuwa kijana wa upande wa pili, mchangamfu sana. Alinitolea mbili. Moja inaingia kwenye kiganja. Nyingine ilihitaji mikono miwili, imetengenezwa kwa ajili ya kurusha maji kwenye bustani za hoteli. "Chief, hii ndogo ni ya watu wa kawaida," aliniambia.

Basi niende Sirari, mtumishi wa serikali, nirudi na kitu kwenye mfuko wa shati?

Nimechukua kubwa.

Jumapili, 9 Juni.

Baada ya kanisa tuliiwasha. Lazima niwe mkweli: dakika ya kwanza ilikuwa tukufu. Maji yalisimama kama nguzo. Yakagusa dari. Taa ikapita ndani yake, sebule nzima ikajaa rangi.

Kisha nikawatazama samaki. Walikuwa wanazunguka kwa mstari mmoja, kasi, mdomo wazi, kama watu walio kwenye gari lililokatika breki. Mzunguko uliofuata mwenye mkia mweupe akatoka tangini. Alipita mbele ya pua yangu. Honoratha akamdaka kwa mikono miwili, bila kelele, kama anavyopokea watoto wa watu, akamrudisha.

Hakunisema. Angenisema ningejisikia vizuri zaidi.

Mita ya umeme ikaanza kulia inataka kuongezwa yuniti. Machage alikuwa anapita, akaingiza kichwa dirishani. Alisema hata boza lake halina pampu ya namna hiyo. Akacheka na meno yote mawili ya dhahabu. Lakini niliona kitu. Alipomaliza kucheka hakuondoka. Alibaki pale, viwiko dirishani, anatazama, mpaka dereva wake akampigia honi.

Nimeizibia pampu mdomo kwa sifongo. Sasa inatoa maji kwa adabu. Ubunifu!

Jumanne, 11 Juni.

Mkono wangu unauma, naandika kwa taabu.

Saa nane mchana nilisikia harufu ya plastiki. Pampu imeungua, na ile ya kelele nilisharudisha dukani. Sifongo liliizuia, ikajilazimisha, ikafa. Ilipozimika maji yakatulia, na samaki wote wakapanda juu, midomo nje, wanavuta. Honoratha yuko kazini. Nililizunguka tangi nikiongea peke yangu.

Mzee Werema akaingia kwa ajili ya zamu yake ya kila siku. Aliuliza wanataka nini. Nikamwambia hewa, wameishiwa hewa. Hakuuliza neno jingine. Aliweka fimbo chini, akavua koti, akachukua jagi letu la juisi, akachota maji ya tangi na kuyamimina kutoka juu, yaanguke kwa povu. Akachota tena. Alipochoka nikapokea. Nilipochoka akapokea.

Na hapo ndipo Machage alipofika. Shati jeupe, saa kubwa, amekuja kuchukua jibu lake la nyumba. Akaanza salamu ndefu. Mzee hakugeuka.

"Mura, kijana wangu, vua saa," alimwambia. "Zamu yako."

Machage akatutazama. Akatazama midomo ile mitano juu ya maji. Akavua saa.

Tulimimina hadi jioni, watu watatu, tunapokezana jagi. Hakuna aliyesema habari ya nyumba. Kila maji yalipoanguka mapovu yalishuka hadi kwenye kokoto na mwanga ukavunjika ukutani, na mara nyingine samaki mmoja aliacha kuvuta, akajaribu kushuka kidogo, akapanda tena. Nimehudumia ng'ombe wagonjwa wengi. Sijawahi kuwa na hofu namna ile, wala sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Machage, shati limemlowa hadi kifuani, alininong'oneza: "Yule wa mkia mweupe ameshuka." Alinong'ona kama tuko kanisani. Nilimwangalia, nikaona macho yake yana maji, na si ya jagi.

Honoratha aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake. Hakuna aliyemsalimia. Alitutazama kidogo, akaenda jikoni, akarudi na beseni pana la kufulia. Akasema maji yakitandazwa yanapata hewa nyingi kuliko yakisimama marefu. Akawahamishia humo samaki wote watano. Punde wakatulia.

Mzee akakaa kwenye kochi na jagi mapajani. Alisema kesho tunakwenda Tarime mjini kutafuta pampu, na yeye anakuja.

Jumatano, 12 Juni. Tarime.

Dukani mzee aliomba beseni la maji. Muuzaji akashangaa lakini akalileta. Pampu ya kwanza ikawashwa ndani. Mzee aliinama, akaweka sikio kwenye ukingo wa beseni, akafumba macho, vile ninavyofanya mimi kwenye kifua cha ndama.

"Hii inalalamika," alisema.

Ya pili: inakohoa. Ya tatu alisikiliza muda mrefu, hata nikadhani amesinzia. Akasema haisemi kitu. Muuzaji akaharakisha kuitoa akidhani ni mbovu. Haikuwa mbovu. Maji yalikuwa yanatoka vizuri, mkondo mnene, bila sauti. Tulijikuta wote tumeinamia beseni.

Honoratha akalichukua boksi akasoma. Wati tano, pungufu hata ya taa ya sebuleni, hata sola ndogo itaiendesha umeme ukikatika. Inakaa majini na ina miguu ya mpira isitetemeshe kioo. Mhimili wa ndani ni wa kauri, hauliwi na kutu. Aliifungua kwa vidole, akatoa kifeni chake kidogo, akauliza kama kipo cha akiba. Kipo.

Mimi niliwaonyesha nyingine rafuni, yenye taa za bluu zinazowaka na kuzima. Walikuwa wameshaanza kulipa.

Ijumaa, 14 Juni. Kewanja.

Siku mbili sasa inafanya kazi. Nimeshaweka mkono tangini mara nyingi kuhakikisha kama imewaka. Imewaka! Maji yanatembea na hakuna kinachosikika. Kwa mara ya kwanza tunasikia sebule yetu wenyewe: bati linavyopanuka kwa jua, Honoratha anavyogeuza ukurasa. Samaki wanauelekea mkondo, wanaupanda polepole, wanauachia uwarudishe, wanaupanda tena. Nadhani wanacheza. Sikujua samaki anacheza.

Leo Mzee Werema alimwita Machage humu humu sebuleni. Alimwambia stoo atajenga kwenye kiwanja cha barabarani, watakubaliana. Nyumba hii haiguswi.

"Humu mna watu," alisema, na hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama tangi.

Machage aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa upole ambao sikujua anao, kama anaweza kuja siku za Jumapili. Honoratha akamwambia karibu. Niliitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye mambo yamekwenda sawasawa na alivyoyapanga. Kwa sababu yamekwenda sawasawa na nilivyoyapanga.

Jumapili, 16 Juni.

Nimekaa nikatafakari wiki hizi mbili kwa unyenyekevu. Funzo liko wazi. Mtu akiwa na mpango mkubwa asirudi nyuma kwa sababu ya vikwazo vidogo. Wengine walisaidia kumimina, siwezi kukataa.

Jana nilikuwa Mugumu kwa kazi ya chanjo, nikakutana na Thadeo, mfugaji wa nyuki. Ana mzinga wa kioo. Wa kioo kitupu! Unakaa ukutani kama picha, nyuki wanaingia na kutoka kwa bomba dogo linalopita dirishani. Unawaona wanavyojenga masega, wanavyopeana habari, unamwona malkia mwenyewe akipita na watu wake wakimpisha. Nilisimama mbele yake mpaka dereva wa idara akaja kunitafuta.

Nimemuuliza Thadeo yote ya muhimu. Hauli umeme. Hauhitaji pampu. Kelele hakuna, ni kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Kuna mizinga miwili, mmoja mdogo, mmoja mkubwa. Mdogo ni wa watu wa kawaida.

Unakuja Alhamisi, utakaa juu ya kochi. Honoratha nitamwambia ukishafika.