YAH: CHUPA YA CHAI

Jumatatu, 3 Machi

Naanza shajara hii ili wajukuu wajue walitoka kwa mtu wa aina gani. Miaka thelathini na miwili masjala. Majalada elfu kumi na moja yamepita mikononi mwangu, halikupotea hata moja. Moja lilikaa miezi saba kwenye droo ya mkurugenzi, lakini huko si kupotea, huko ni kuazimwa.

Nimestaafu tangu Juni. Mama Watoto ni muuguzi, amebakiza miaka miwili. Asubuhi hii, akifunga vifungo vya sare, amenyoosha maneno. Kasema pensheni yangu haitoshi. Kasema chumba cha uani kina meza, kiti, kabati na mwanamume asiyeingiza kitu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili anakitaka akipange. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi: ama chumba kionyeshe faida, ama fundi ahamie na vyerehani vyake vitatu.

Chumba cha uani! Ofisi yangu. Humo limo kabati langu la chuma, mna mhuri wangu wa tarehe, na ukutani mna maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI. Nimemwambia angoje aone. Kasema anangoja tangu Juni.

Jumatano, 5 Machi

Binti yetu, mfamasia, kapita wakati wa chakula cha mchana. Kanieleza biashara mpya ya wastaafu werevu. Kuna duka la mtandaoni. Unajiandikisha, unachagua bidhaa, wanakupa linki. Unawatumia watu hiyo linki pamoja na maneno ya kuisifia bidhaa. Mtu akiibonyeza akanunua, duka linakupa kamisheni. Huna stoo, huna mzigo, hutoki kitini. Kasema, Baba, kazi yako ni kusifia tu.

Nimechagua chupa ya chai inayotunza joto saa ishirini na nne. Naijua. Ndiyo niliyopewa siku ya kuagwa, na nimeinywea hadi leo. Mtu aliyekunywa chai ya ofisi iliyopoa kwa miaka thelathini na miwili ana haki ya kuzungumzia joto.

Binti alitaka kunifafanulia mambo fulani kuhusu linki. Nikamwambia nilikuwa nasajili barua za serikali kabla yeye hajaota meno. Katazama saa, kanibusu kwenye paji la uso, kaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeikagua linki. Mwanzo wake hauna neno: jina la duka, mstari, kisha chupa. Halafu inakuja alama ya kuuliza, na baada yake takataka tupu! Herufi ndogo na tarakimu zimechanganyika, utadhani paka kapita juu ya kompyuta. Katika utumishi wangu hakuna karatasi iliyotoka masjala na mkia mchafu namna ile.

Nikaukata, kuanzia kwenye alama ya kuuliza hadi mwisho. Nikajaribu. Ukurasa wa chupa ukafunguka vilevile, bila kinyongo. Hii ndiyo tofauti kati ya mtu aliyesomea kazi na mtu aliyeiokota njiani.

Kisha nikaandika waraka. Juu, Kumb. Na. MSJ/CH/01. Chini yake, YAH: CHUPA YA CHAI. Aya ya kwanza, Utangulizi. Aya ya pili, Hali Ilivyokuwa, nikaeleza mateso ya chai baridi. Aya ya tatu, Mapendekezo. Mwisho kabisa linki, safi, imenyolewa. Nikautuma kwenye kundi letu la wastaafu kwenye simu, watu sitini na wanne.

Jirani yangu, mwalimu mkuu mstaafu, naye yumo kwenye kundi hilo. Wenzake waliandika pongezi. Yeye kaweka dole gumba tu.

Jumanne, 11 Machi

Wananunua! Dereva wa zamani wa mkurugenzi kaagiza mbili. Karani wa mishahara kaagiza moja ya bluu. Mhasibu mstaafu, mtu ambaye katika maisha yake yote ya kazi alikuwa akiazima kalamu, kaagiza tatu. Wananitumia picha za maboksi. Mmoja kasema aliposoma aya ya pili alikaribia kulia.

Ukurasa wangu dukani unasema mauzo sifuri. Sina wasiwasi. Barua zikiingia nyingi kwa mpigo, masjala yoyote huelemewa. Mama Watoto kauliza faida iko wapi. Nimemwambia iko njiani, inasajiliwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu Mkuu kaja mpaka ukutani, kaegemeza viwiko, kaniuliza hii biashara inafanywaje. Niweke kumbukumbu sawa kuhusu mtu huyu. Siku yake ya kuagwa alipewa saa ya ukutani na hotuba ya saa mbili. Siku yangu nilipewa chupa na soda. Tangu hapo kila saa yake ikigonga naisikia kupitia dirishani.

Nilimjibu kwa adabu. Nikamwambia ajiandikishe mwenyewe, ila kalamu haifundishiki, mtu huzaliwa nayo. Kajibu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Husema hivyo kila mara, liwe linahusika au halihusiki.

Jumatatu, 17 Machi

Waliokwisha kunishukuru ni thelathini na mmoja. Ukurasa unasema sifuri.

Nimeliandikia duka barua rasmi. Tafadhali rejeeni somo tajwa hapo juu. Nimewaeleza kwamba uzembe wa karani mmoja unaweza kuchafua jina la taasisi nzima, na kwamba niko tayari kuwafundisha kupanga majalada bila malipo.

Jibu limekuja baada ya sekunde moja. Wanashukuru kwa maoni yangu. Sekunde moja! Barua ya kurasa mbili haisomwi kwa sekunde moja. Hakuna aliyeifungua. Nimetuma Kikumbusho cha Kwanza.

Alhamisi, 20 Machi

Wizi. Mwalimu Mkuu katuma waraka wangu kwenye kundi la walimu wastaafu. Aya zote tatu, neno kwa neno. Hata Kumb. Na. yangu kaibeba. Kilicho chake ni linki tu, chini kabisa, na ile linki kaiacha na mkia wake wote, mrefu, mchafu, unakata mstari na kuingia mstari wa pili.

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Nilimwonea huruma pia. Miaka yote ile akiwafokea watoto wa watu kwa daftari chafu, leo kaanika uchafu wake mbele ya walimu mia. Nilimwonyesha Mama Watoto. Hakucheka. Kauliza kwa nini ya kwangu haina mkia. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Jumapili, 23 Machi

Mwalimu Mkuu ana kiti kipya kibarazani. Kinalala nyuma ukikivuta. Kaniita kutoka kule kule alikolala kunijulisha kwamba kamisheni yake ya kwanza imeingia, na kwamba walimu wanapenda sana chai. Nimempongeza. Taya linaniuma hadi sasa.

Mchana fundi cherehani kaja na futi yake kupima chumba. Mimi nilikuwa mezani, kazini. Kapima ukuta, kapima dirisha, kisha kapima meza yangu nikiwa nimeikalia. Kaniomba radhi, kaniomba pia niinue kiwiko. Niliinua. Ni mama mwenye heshima zake, sina ugomvi naye. Lakini alivyolitazama kabati langu nilijua tayari ameshalijaza vitambaa.

Jumanne, 25 Machi

Siku hii ningependa kuiruka, lakini rekodi ni rekodi.

Binti kaja. Kachukua simu yangu, kasoma waraka, kausifu, kafika chini. Kauliza mkia wa linki uko wapi. Nikamweleza jinsi nilivyousafisha. Kaketi taratibu kwenye ukingo wa meza.

Kumbe zile herufi ndizo mimi. Duka likiuza chupa, huangalia mkia ule ili lijue nani kamleta mnunuzi. Pasipo mkia, mnunuzi kajileta mwenyewe. Kasema, kwa sauti ya kunihurumia ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwamba ile ni kumbukumbu namba. Kwamba mimi, wa masjala, nimetoa barua bila kumbukumbu namba.

Mimi si mtu wa kuumia ovyo. Leo nimeumia. Nilitoka nje nikasimama nikitazama ukuta wa jirani, na saa yake ikagonga mara kumi na moja, zote nikazihesabu.

Mama Watoto aliporudi tulimsimulia. Kacheka mpaka kashika sinki. Kisha kaacha kucheka. Kachukua vikombe viwili, kamimina chai kutoka kwenye chupa yangu, kaja kuketi ofisini. Hajawahi kuketi humo tangu Juni. Kasoma maneno ya ukutani. Kanisogezea kikombe changu, na mimi nilishukuru.

Alhamisi, 27 Machi

Nina mke. Naandika hivyo kwa sababu kuna siku mtu husahau.

Bila kuniambia, kawasemesha wauguzi wa wodi yake. Kumi na wanane, wote wanazitaka chupa, maana chai ya zamu hupoa kabla mgonjwa wa pili hajageuzwa. Wawili walikuwa wamekwisha kutumiwa linki ya Mwalimu Mkuu. Kawakataza. Kawaambia wangoje linki ya Baba Watoto au wanywe chai baridi. Kasema chupa kumi na nane zikihesabiwa kwa jina langu, ataridhika, chumba ni changu, na fundi atatafutiwa pengine.

Nilimuuliza kwa nini kajisumbua. Kasema amezoea kunisikia humo ndani nikigonga mhuri, nyumba ikinyamaza ataota ndoto mbaya.

Binti kairudisha linki nzima, na mkia wake. Kanionya mara tatu nisikate. Mama Watoto kaongeza la kwake, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimemkumbusha kwamba mimi ni mtu wa chai.

Jumamosi, 29 Machi

Siku ya ushindi. Naiandika yote.

Saa nne asubuhi Mama Watoto kapiga simu kutoka wodini. Wauguzi wamekaa, simu ziko mkononi, nitume. Nikavaa koti. Nikafungua linki. Nikautazama ule mkia kwa mara ya kwanza nikiwa najua kazi yake, yaani kwa jicho la mtaalamu.

Nilisikitika. Kumbukumbu namba gani ile? Herufi ndogo tupu. Haina idara. Haina mwaka. Haina hata mstari mmoja wa mshazari. Imetungwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga masjala. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini duka lile lilinijibu kwa sekunde moja. Hawana utaratibu, maskini, hawana wa kuwaelekeza.

Binti alisema nisikate. Sijakata. Nimesahihisha. Nimetoa yale matope, na mahali pake nimeweka kumbukumbu namba iliyokamilika, ambayo mkurugenzi yeyote angeitia saini akiwa amefumba macho: MSJ/MST/CH/JUZ.I/18. Nikaitazama mara mbili. Nikaigongea mhuri kwenye nakala ya jalada. Nikatuma.

Zilipita dakika kumi. Mama Watoto kaandika kwamba wote kumi na wanane wameagiza, na kwamba hajawahi kuniona nikifanya jambo kwa wakati namna hii. Ujumbe huo nimeunakili hapa neno kwa neno, nao utaingia kwenye jalada langu binafsi.

Ukurasa wa duka bado unasema sifuri. Ni Jumamosi, nani husajili Jumamosi?

Alasiri nilivaa viatu vizuri nikaenda kwa fundi cherehani, nikamweleza kwa heshima zote kwamba chumba hakipo tena, atafute kwingine kabla mwezi haujaisha. Kanishukuru kwa kumwambia mapema. Kasema kuna wenye nyumba wengine wawili waliokuwa wakimbembeleza, akawapigia pale pale.

Nikirudi nilimkuta Mwalimu Mkuu kalala kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, mimi ndiye niliyeanza salamu. Moyo ukiwa umeshiba huwi na kinyongo. Nimemwambia alete linki yake Jumatatu, nitamsahihishia na yeye, bure.