Kinyozi Anayesubiri Nyuklia

Jumatatu, 4 Machi

Umeme umekatika saa tatu asubuhi, mwalimu mkuu akiwa kitini. Kushoto nimemaliza, kulia msitu mtupu. Nimemwomba avute subira, utarudi sasa hivi. Amevuta subira saa nzima. Kisha amesimama na kuvuka barabara hivyo hivyo, kwenda kumaliziwa kwa shemeji.

Shemeji! Mdogo wake mke wangu! Niliyemfundisha kushika mashine kwa mkono wangu mwenyewe! Sasa ana paneli nne za sola juu ya bati na betri kubwa chini ya meza, na mashine zake hazijui kukatika kwa umeme ni nini. Mwalimu mkuu ni wa nne ndani ya mwezi mmoja kuvuka akiwa hivyo. Mtaa mzima unaniita Nusu.

Na huyu si mteja wa hivi hivi. Wiki ijayo shule inafunguliwa, na yeye ndiye anayechagua kinyozi wa wanafunzi. Vichwa mia tatu! Nikivikosa, nafunga duka. Mke wangu amesema kwa upole kwamba mdogo wake ana kiti cha ziada. Nikanyoe chini ya mwanafunzi wangu? Afadhali nifuge nyuki.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa yake. Sola siwezi kununua, lakini kuisema vibaya ni bure. Gazeti limeandika kwamba serikali inafikiria kujenga mtambo wa nyuklia. Umeme mchana na usiku, jua lisijue, mvua isijue, na moshi hakuna. Nimewatangazia wateja wangu wote, yaani wawili, kwamba sola ni ya kuchezea. Watu makini wanasubiri nyuklia. Mmoja ameuliza watasubiri kwa muda gani. Nimesema si muda. Gazeti linasema miaka kumi na mitano, ila hakuliuliza gazeti.

Mwalimu mkuu alikuwa akipita, akasikia. Zamani alifundisha fizikia, na nadhani hajapata wa kuzungumza naye tangu hapo. Amesema Jumamosi tufanye mdahalo hapa mbele ya maduka: mimi nyuklia, shemeji jua na upepo, yeye mwamuzi. Nimemdokeza kwamba mshindi apewe vichwa vya shule. Amecheka hadi akakohoa, kisha akakubali. Kwisha habari yake shemeji!

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma kutwa. Bora nisingesoma. Mtambo unagharimu fedha za kutisha, na mara nyingi gharama zinapanda kabla haujakamilika. Taka zake zinabaki hatari kwa maelfu ya miaka. Ukurasa huo nimeuruka haraka.

Yapo mazuri pia. Eneo dogo linatoa umeme wa miji mizima, na ajali kubwa ni za kuhesabika. Sola, kwa upande wake: wingu likija, umeme unapungua, betri zinachakaa, upepo nao una siku zake za kununa. Nimekariri mbele ya kioo nikiwa nimeshika kitana kama kipaza sauti. Mke wangu amepita, akauliza kama ningekubali hizo taka zizikwe nyuma ya jiko letu. Nimemuuliza yuko upande wa nani. Amesema upande wa yeyote atakayeleta unga.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya vitendo. Shemeji alipokwenda kununua spiriti, nimeazima ngazi ya fundi rangi na kupanda juu ya bati lake. Nimezifunika paneli zote nne kwa vile vitambaa vyeusi ninavyowafunga wateja shingoni. Kamba sikuwa nayo, nimevibana kwa vibanio vya nywele. Akili ni nywele, na mimi nywele ndiyo kazi yangu! Nimeshuka na kukaa mlangoni kusubiri mashine zake zizime.

Hazikuzima. Nimesahau betri. Sawa, betri nayo ina mwisho wake, na mimi nina subira.

Jumamosi, 9 Machi

Watu walijaa hadi kwa muuza magazeti. Nimeanza mimi, na nilizungumza vizuri, acha nijisifu. Shemeji akajibu kwa sauti ndogo kwamba sola inafungwa kwa siku moja na ikiharibika haihamishi mji. Mwalimu mkuu akaniuliza mtambo wangu utakamilika lini. Nikasema miaka kumi na mitano. Akashika kichwa chake upande wa kulia, akauliza kama Jumatatu ile angepaswa kukaa kitini kwangu hadi astaafu. Vicheko!

Hapo nikatoa silaha yangu. Nikawaambia waende wasikilize mashine za shemeji, zinavyokoroma tangu asubuhi. Kweli zilikuwa zinakoroma! Shemeji akababaika, hakuelewa. Watu wakaanza kunung'unika upande wangu. Nikaviona vichwa mia tatu vikinijia kwa mstari.

Ukavuma upepo. Vibanio vikaachia kimoja baada ya kingine. Vitambaa vinne vikapaa juu ya barabara, na kimoja kikatua magotini mwa mwamuzi. Akakikunjua na kusoma kwa sauti jina la duka langu, lililodariziwa na mke wangu kwa uzi wa dhahabu. Akasema bao la mwisho limefungwa na upepo.

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini shemeji alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema vichwa mia tatu ni vingi kwa mtu mmoja. Atanivutia waya kutoka kwenye betri yake, tugawane wanafunzi. Sharti moja: mashine ya kunyolea na taa moja, basi. Nimeona haya kweli. Nimemkumbatia mbele ya watu na kuapa kwamba nimebadilika, na niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 11 Machi

Waya umefika. Mashine inaunguruma vizuri sana! Foleni ya wanafunzi hadi kona.

Saa mbili nimechomeka feni, maana watoto walikuwa wakitoka jasho. Saa tatu redio, ili wasichoke kusubiri. Saa nne friji, kwa sababu foleni yenye kiu ni biashara. Saa tano birika la umeme, la taulo za moto za walimu.

Saa tano na dakika mbili, kimya. Kwangu kimya, na ng'ambo kimya.

Shemeji amekuja. Ametazama feni, akatazama redio, akatazama friji, akasimama kwa muda mrefu mbele ya birika. Mwalimu mkuu amewapanga wanafunzi wawili wawili na kuwapeleka kwa kinyozi wa karibu na soko.

Nimewafuata hadi kona nikiwaeleza, kwa faida yao, kwamba ndiyo sola hiyo sasa: friji moja tu, imezimia. Kwa nyuklia lisingetokea hili. Niliporudi, shemeji alikuwa juu ya ngazi akifungua waya. Nimemwambia kutoka chini kwamba simlaumu, lakini akubali kiungwana kuwa mdahalo nimeshinda mimi.