Vitenge vya Berthe na Unga wa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Juni 1994
Mke wangu Berthe amekwenda kwa mama yake, kijijini nyuma ya Buluo, nje ya mji wetu wa Likasi. Amekasirika. Eti nimemaliza vitenge vyake kwa kufunika mabawa ya ndege niliyoiunda mwenyewe. Mabawa yafunikwe na nini basi, magazeti? Amesema harudi mpaka nimfuate mwenyewe na vitenge vikiwa vizima. Vizuri! Nitamfuata navyo, kwa njia ya anga. Jirani Augustin alicheka hadi akashika ukuta. Kiwanda kilipotuachisha kazi, yeye alichagua kusukuma makaa kwa baiskeli. Mimi nilichagua kufikiri.

Jumatano, 8 Juni
Majaribio, uwanja wa mpira wa Kikula. Kupanda: safi. Kutua: pua ilikwenda chini, nikala vumbi. Kwa nini? Jioni nilisawazisha mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, juu ya kidole. Kuna mahali pamoja tu mwiko unakubali kutulia. Ukisogeza kidole kidogo, unaanguka. Ajabu! Bukari ikaungua.

Alhamisi, 9 Juni
Nimeiweka ndege juu ya gogo, gogo chini ya mabawa, mimi ndani. Pua nzito! Nikasogeza kiti nyuma kiganja kimoja. Ikatulia, haikulala mbele wala nyuma. Nilikaa humo saa nzima kwa furaha. Augustin akauliza kama natotoa mayai. Hajui kitu. Uzito ukizidi mbele, pua inachimba. Ukizidi nyuma, pua inatazama mbingu, na ukipunguza mwendo ili utue, usukani hausikii tena. Nimeandika kwa chaki nyuma ya kiti: HAPA USIWEKE KITU.

Jumamosi, 11 Juni
Nimefika! Nimetua barabarani bila hata kumwamsha mbuzi. Berthe alipapasa vitenge kimoja kimoja. Vizima! Akatabasamu. Kisha akauliza yeye atakaa wapi. Kiti ni kimoja. Swali zuri. Tukapatana: vitenge vikifika nyumbani salama, naye kesho atarudi.

Ndipo mama mkwe akatoka jikoni. Mkwe hatazamwi usoni, wala haambiwi hapana. Nilitazama chini. Nikasikia tu vitu vikipakiwa nyuma ya kiti: mfuko wa unga, mihogo, boga, kuku wawili. Nikamnong'oneza Berthe amweleze mama yake habari za uzito. Akanijibu: "Sema weye mwenyewe! Bunga ile mama amelima na mikono yake." Na nani Likasi siku hizi anakataa unga? Nikapiga makofi ya shukrani, macho chini. Boga lilifunika maandishi yangu.

Baadaye
Nimepona. Nilipoukaribia uwanja nilipunguza mwendo. Pua ikaanza kupanda. Nikasukuma usukani mbele. Ikapanda. Nikausukuma hadi mwisho, nikainama juu yake. Ikapanda! Nikaona mbingu tupu, nzuri kweli. Mkia ukakaa chini kwanza, kisha vingine vyote. Kitenge cha harusi yetu, kile cha bawa la kushoto, kimepasuka katikati. Kuku wazima.

Jumapili, 12 Juni
Berthe amerudi, nyuma ya baiskeli ya Augustin, na unga mwingine mapajani. Walifika bila hata kuyumba. Alikishika kitenge cha harusi, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Niliona haya, haya kweli. Mwishowe akasema: "Octave, weye uko muntu ya namna gani?" Akachukua sindano. Amebaki!

Jumatatu, 13 Juni
Mama mkwe ametuma salamu. Atakuja kututembelea, na anataka arudishwe kwa ndege. Mkwe haambiwi hapana. Nimeanza kupima kiti chake. Kitakuwa nyuma, bila shaka: akikaa mbele nitamtazama, na hiyo si adabu.

Kwa watu wawili mabawa lazima yarefushwe. Berthe amebakiwa na kitenge kimoja, amekivaa. Nasubiri alale.