Dosiye Moja kwa Mume na Mke

Ilitangazwa kwa redio, kwa kipaza sauti, na kwa kitambaa kirefu kilichofungwa juu ya mlango: Ofisi ya Kumbukumbu za Raia, hapa Goma, imeingia katika enzi ya Dosiye ya Ndoa. Nchi za wenzetu, alieleza Mkurugenzi Buhendwa, bado zinahifadhi mume pembeni na mke pembeni ndani ya kompyuta, kama watu waliogombana. Sisi tumewapita. Padri alikwisha kusema hawa wawili ni mwili mmoja. Basi na mashini iheshimu sakramenti. Kila ndoa itakuwa na dosiye moja, faili moja yenye majina mawili, kama nyumba yenye milango miwili. Pita kwa jina la papa, pita kwa jina la mama, utakuta kiti kile kile.

Nafasi iliyookolewa ndani ya mashini ilikuwa kubwa. Ilibaki tupu, na wageni walionyeshwa.

Yalitokea matatizo madogo, kama maendeleo yanavyotaka. Programu ya kuandika barua, ambayo zamani ilikuwa na adabu, ilimwita Florent, dereva wa pikipiki wa mtaa wa Ndosho, aje kupimwa mimba. Alikwenda, maana barua ilikuwa na muhuri. Programu ya kutafuta, ukiiomba picha ya Mama Katungu muuza samaki, ilikuletea mwanaume mwenye sharubu. Mkurugenzi aliandika kwenye ripoti kwamba dosiye ziko sawa; ni programu ndizo bado hazijafunga ndoa.

Balagizi, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, alifiwa na mke wake Nshobole wakati wa mvua. Alikwenda mwenyewe kutangaza kifo hicho, kama raia mwema, na huo ukawa mwisho wake pia. Karani Gisèle aliandika "marehemu" kwenye mlango wa Nshobole wa dosiye yao, na neno likakaa ndani ya nyumba.

"Pole sana, papa," Gisèle alimwambia aliporudi kuomba karatasi ya kiwanja.

"Pole ya mama?"

"Ya mama, na ya kwako. Uko marehemu."

"Mimi?"

"Mashini njo inasema."

"Sasa huyu mwenye kuongea na weye ni nani?"

"Papa, usinitafutie matatizo. Mashini ya kuchapa haitoe karatasi ya mufu."

"Basi futa ile neno."

"Nikiifuta, mama Nshobole naye anafufuka. Ile ni kazi ya Yesu, haiko ya ofisi yetu."

Balagizi kwa kitambo alitaka kumwambia: mutoto wangu, fanya hivyo.

Jambo halikuwa la mchezo. Kiwanja cha Ndosho, pamoja na karakana na chumba ambamo Nshobole alikata roho, sasa kilikuwa mali ya marehemu wawili wasio na mtoto. Waraka wa ofisi ulisema kiwanja kisicho na mtu hai kinarudi serikalini mwisho wa mwezi, ili Mkurugenzi akigawe kwa busara. Busara ilikwisha kutuma mtu kukipima.

Basi Balagizi akawa anashinda kwenye benchi la nje kila siku ya kazi, akidai uhai wake.

"Marehemu, umelala muzuri?" mlinzi alimtania.

"Muzuri sana. Kule hakuna wakubwa."

Wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, Mama Domitille, mke wa Mkurugenzi, mwalimu aliyechoka na chaki, alileta ombi la pensheni. Gisèle aliandika "amestaafu" kwenye mlango wa mama, kama sheria inavyotaka. Asubuhi yake kompyuta ya Mkurugenzi ilimwandikia: Asante kwa utumishi wako, pumzika. Sahihi yake ikakataliwa. Hata geti likamkataa.

"Gisèle! Tenganisha ile dosiye mara moja!"

"Ndiyo, Shefu. Ila waraka unasema Mkurugenzi peke yake njo anaweza kuruhusu."

"Si mimi njo Mkurugenzi?"

"Ulikuwa, papa."

Ikabidi mkaguzi aje kutoka juu, Mama Miriam, mwanamke asiyecheka. Alisema dosiye itatenganishwa endapo raia mmoja, mwenye kufika ofisini mara kwa mara, ataapa kwamba mzee huyu bado anafanya kazi. Raia wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekufa.

"Afufuliwe!" Buhendwa alipiga kelele. "Yuko hai, si munamuona?"

Mama Miriam alimuona, akaruhusu. Balagizi akatenganishwa na mke wake mara ya pili. Karatasi ya kiwanja ikatoka ingali moto. Buhendwa mwenyewe aliidaka, akampa kwa mikono miwili.

"Muzee wangu, unanijua, si ndiyo?"

"Ninakujua."

"Papa Balagizi," alisema mkaguzi, "mbele ya Mungu, ulimuona huyu akifanya kazi hapa?"

Balagizi alikunja karatasi yake, akaiweka ndani ya koti, akafunga kifungo. Halafu akamtazama Buhendwa kwa haki kabisa, kama anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Mama, mimi nilikaa pale inje tangu bibi yangu afe. Nilimuona akifika. Nilimuona akienda kula. Nilimuona akirudia nyumbani. Kazi?" Akamgeukia mlinzi. "Weye ulishaiona?"

Mlinzi alitazama viatu vyake.

Mama Miriam aliandika kwenye ripoti kwamba mashini haina kosa.