Futi Sita Apimwa Usingizini

Ijumaa hiyo, mwaka wa tatu wa Uhuru, habari ilifika kwa Bi Mwanarusi kabla mahamri ya kwanza hayajatoka kwenye mafuta. Aliyeileta ni Waziri, utingo wa basi la Likoni, ambaye Msambweni nzima ilimwita Redio ijapokuwa nyumbani kwake hapakuwa na redio wala betri.

"Mmeyasikia ya mwalimu mkuu?" aliuliza kabla ya kuketi. "Ametutundika ukutani."

"Amemtundika nani?" aliuliza Karisa. Huyu alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka tisa, akatoka humo na mfuko wa karatasi na jina la Sheria.

"Sisi. Wazee wa mtaa. Karatasi kubwa, imejaa ukuta wa darasa la tano. Jina la mzee, na kando ya jina urefu wake kwa futi na inchi. Kesho Jumamosi wazazi wote wameitwa kuja kuitazama."

Wakati huo Mzee Abdurahman Rai alikuwa ndiyo kwanza anaingia barazani. Aliinama, kama alivyoinama kila siku, ili kofia yake isiguse makuti ya upenu. Neno "urefu" lilimkuta bado ameinama, naye akakaa hivyo hivyo kwa muda, kama mtu aliyeangusha kitu.

"Shikamoo, Mzee Futi Sita," alisema Bi Mwanarusi. "Mgongo?"

"Marahaba. Mgongo u mzima."

Alikwenda kuketi kwenye gogo la mnazi, mahali pake pa siku zote, akapokea kikombe cha kahawa na hakukinywa. Jina la Futi Sita alirudi nalo kutoka Bama, kwenye vita vya pili vya dunia, na kwa miaka ishirini hakuna aliyelihoji. Kila mtu alikijua kisa: mzungu wa jeshi alimpima, akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kama huko Digo wako wengine kama huyu. Kilichokuwa hakisimuliwi ni kwamba sajini alimpima siku ya kugawa sare, kwa haraka, akiwa na mabuti miguuni na tarabushi kichwani, kisha akampeleka jikoni kumenya viazi.

"Tena hilo la ukutani ni dogo," Redio aliendelea. "Mwalimu Ziro huyu mpya amegeuza madawati. Zamani watoto walitazama ubao. Sasa wanatazamana, sita sita, kama watu wanaokula pilau. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, mwalimu anapita katikati amefunga mikono nyuma. Sasa hapo nani anafundisha na nani analipwa?"

"Na fimbo je?" aliuliza Sheria.

"Fimbo kaikata vipande, watoto wanajifunzia hesabu."

Sheria alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mimi nilichapwa miaka minne mfululizo. Nilikuwa nachapwa hata kabla ya kukosea. Na matunda yake mnayaona."

"Tunayaona," alisema Bi Mwanarusi, akageuza hamri.

"Juzi darasa zima lilikuwa ufuoni," alisema Redio. "Wanahesabu kaa. Mtoto wangu amerudi ananiambia kaa ana miguu kumi. Nikamwambia mwanangu, mimi nimekula kaa tangu sijaota meno, ana minane. Akaniambia, baba, na magando ni miguu. Sikulala."

"Ukamhesabu?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Nilimhesabu."

"Alikuwa na mingapi?"

"Si hoja ni mingapi," alisema Redio. "Hoja ni nani amemtuma mtoto kunipinga."

Mzee Futi Sita aliona mlango wa mazungumzo umefunguka, akaingia. Aliweka kikombe chini. "Ya kaa mimi nayasamehe. Ya madawati nayasamehe. Lakini tangu lini mtu mzima akapimwa? Kwetu mtu hupimwa mara moja. Hupimwa kwa ufito, akiwa amelala, kisha ufito unapelekwa kwa wachimbaji ili wajue mwanandani, lile tundu la maiti ndani ya kaburi, uwe na urefu gani. Na aliyepimwa huwa hana la kusema."

"Wewe ulipopimwa ulikuwa na la kusema?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Nilipiga shahada."

Redio alimwaga kahawa kwa kicheko, na mzee akamngoja amalize.

"Chekeni. Jumatatu baada ya adhuhuri nimejinyoosha kitandani, usingizi umenichukua. Nafumbua jicho, naona ufito umelazwa kando yangu, kuanzia kisiginoni mpaka utosini, na mjukuu wangu Mwanapili ameupigia magoti. Nikajua nimekufa, na sikuona ajabu ila kwamba watu ni wachache. Nataka kuuliza wengine wako wapi, mtoto ananiambia, 'Tulia babu, usijikunje, zimebaki inchi tatu.' Eti ni kazi ya shule. Kila mtoto apime mzee mmoja. Nimemzuia hapo hapo. Leo siku ya nne hajatia mguu darasani, wala hatatia, mpaka mtu yule ahamishwe."

Alisema kweli tupu, ila aliacha kipande. Mtoto alipokuwa anainua ufito wake alinong'ona hesabu, na babu aliisikia vizuri kuliko alivyopata kusikia adhana. Tano na tatu. Tangu siku hiyo Mwanapili, aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wote kukalia dawati, alishinda nyumbani bila kulia wala kununa, akipima. Alipima kinu, akampima mbuzi. Jana babu alikuta alama za chaki kwenye mwimo wa mlango wa nyumba: futi tano na inchi nane. Mlango ule alikuwa ameuinamia kwa miaka ishirini.

Aliyoyataka Mzee Futi Sita, basi, yalikuwa mawili, na hayakukaa pamoja. Alitaka mtoto asome. Na alitaka karatasi ile ishuke ukutani kabla ya kesho.

"Jambo hili lina njia yake," alisema Sheria, akafungua mfuko. "Nimekwisha kuandika." Alikohoa, akasoma kwa sauti ya mahakamani. "'Kwa Bwana Ofisa wa Elimu, Kwale. Sisi wazee tuliotajwa hapa chini, ambao tungali hai, tunalalamika kwamba tumepimwa. Kupimwa huko kulifanyika mchana, bila ilani, na bila maiti.'"

"Bila nini?" aliuliza Bi Mwanarusi.

"Bila maiti. Ni lazima ieleweke. 'Aidha mwalimu huyo amewafundisha watoto kuuliza kwa nini, neno ambalo halikuwamo majumbani mwetu. Tunaomba ahamishiwe mbali, ikiwezekana Vanga, au mbele ya Vanga.'"

"Mbele ya Vanga ni Tanganyika," alisema Redio.

"Ndiyo maana nikaandika ikiwezekana."

"Mimi nina swali," alisema Bi Mwanarusi, akijifuta unga mikononi. "Mwanangu Mapenzi alikaa na mwalimu wa zamani miaka miwili. Aliimba moja mpaka mia bila kupumua. Nikimwambia nihesabie mahamri haya, anaanza kuimba, anafika mia, mahamri ni thelathini. Kwa huyu Ziro ana miezi mitatu. Sasa nikikosea hesabu ananisahihisha mbele ya wateja. Hiyo barua yenu inamrudisha Mapenzi kwenye wimbo?"

"Bi Mwanarusi, hili ni suala la mila."

"Mila gani? Wewe, Karisa, kwenu Kaloleni watu huzikwa kwa jeneza. Mwanandani wa kaburi umeujulia wapi?"

"Nasimama kwa niaba ya wateja wangu," alisema Sheria, akamwelekea mteja wake wa pekee. Alitoa kidau cha wino. "Mzee, wewe ndiye mkubwa wetu. Dole gumba lako liwe la kwanza."

Mzee Futi Sita alichovya kidole. Kilipanda kutoka kidauni kikiwa cheusi mpaka kwenye kifundo, akakishikilia juu ya karatasi.

"Mimi sina neno sana na ile karatasi," alisema Redio, akijifanya hatazami popote. "Nilichungulia dirishani jana. Mimi nimeandikwa futi tano na inchi nane. Sheria, tano na saba."

Sheria aliivuta barua chini ya kidole. "Nani kasema?"

"Karatasi ndiyo imesema."

"Mimi na wewe tumesimama pamoja miaka sita kwenye gogo hili. Mimi nakuona utosi."

"Unaniona utosi nikiwa nimeketi."

Walisimama mgongo kwa mgongo. Redio alishtakiwa kwa kunyanyua visigino, naye akasema Sheria amejaza karatasi ndani ya kofia. Bi Mwanarusi aliitwa na upawa wake, akaulaza juu ya vichwa viwili, akasema kwa hesabu yake upawa umelala sawa ila mafuta yanatiririka upande wa Sheria. Sheria alipanguza sikio.

"Hii ni dosari ya kipimo," alisema. "Mimi siweki sahihi yoyote kabla ya kukagua ushahidi. Kesho nitakuwa shuleni saa mbili kamili. Na nitadai nipimwe upya."

"Na mimi nitakuwepo kukushuhudia."

"Na barua?" aliuliza Mzee Futi Sita. Kidole chake kilikuwa bado hewani, kinadondosha wino kwenye kanzu ya Ijumaa.

"Barua itangoja, mzee. Hata hivyo," Redio aliongeza, "wewe una haraka gani? Kwenye ile karatasi jina lako lipo, lakini mbele yake pamebaki patupu."

Mzee hakuwahi kuuliza kwa nini. Baiskeli ilisimama nje ya upenu, na Mwalimu Ziro akashuka, kijana mwembamba wa suruali fupi iliyopigwa pasi, na daftari moja kwapani.

"Shikamooni wazee. Bi Mwanarusi, shikamoo."

Waliitikia marahaba kwa adabu kubwa, hasa Sheria, ambaye alikuwa ameikalia barua.

"Sikuja kukaa," alisema mwalimu. "Mzee Abdurahman, nimekuja kwa ajili ya Mwanapili. Nimefika nyumbani, nimeambiwa niombe ruhusa kwako. Ana kazi aliyoiacha nusu."

"Kazi ya kunipima."

"Hiyo hiyo. Alinipa daftari njiani Jumatatu jioni, akaniomba nisitundike neno mpaka babu yake akubali. Watoto arobaini wamepima wazee arobaini, na yeye peke yake ameniletea vipimo viwili kwa mtu mmoja. Nimewafundisha kwamba kipimo ni lazima kirudiwe. Sasa vyake vimetofautiana, na mimi sikuwepo. Siwezi kuamua kipi kiandikwe. Nimeona nikuulize mwenyewe."

Mzee Futi Sita alitazama daftari kama alivyowahi kutazama mto mmoja huko Bama, kabla ya kuambiwa avuke na masufuria.

Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa fupi, na wote wangelipokea kama mila. Lakini mwalimu alikuwa amelinyoosha daftari kwa mikono miwili, namna mtu anavyompa mkubwa wake kitu, na jalada lilikuwa na jina la mtoto kwa herufi zilizosimama wima zote.

"Soma," alisema. "Wasikie wote."

Mwalimu alifungua. "'Babu yangu, Abdurahman Rai. Kipimo cha kwanza: akiwa amelala, futi tano na inchi tatu. Kipimo cha pili: akiwa anasimulia vita, futi sita.'"

Redio aligeuka akatazama barabara. Sheria aliinua kikombe kitupu, akakinywa.

Mzee Futi Sita alifikiri juu ya mtoto wa miaka kumi aliyeketi miguuni pake jioni zote zile, akimsikiliza, kumbe anapima.

"Hapo kando," aliuliza polepole, "umeandika nini kwa wino mwekundu?"

"Vema, mzee. Vipimo vyote viwili. Amesema alichokiona."

"Na hakupunguza?"

"Hakupunguza wala hakuongeza."

"Sajini wa mzungu aliongeza," alisema mzee, na hakuna aliyeelewa, naye hakueleza. "Basi andika vyote viwili. Kwa herufi kubwa. Mtoto atakuja mwenyewe kesho kuvitundika, na mimi nitakuja naye."

"Asante sana, mzee."

"Mwalimu," alisema Sheria, "na mimi? Wameandika tano na saba. Nilipimwa katika hali gani?"

"Wewe, Bwana Karisa, Mapenzi alikukuta unazungumza. Alingoja unyamaze ili usimame wima. Kengele ikalia, akaandika alichokipata."

Mwalimu aliaga akapanda baiskeli yake. Bi Mwanarusi alimwinua Sheria kidogo, akachomoa barua ya Ofisa wa Elimu iliyokuwa imelowa mafuta, akafungia mahamri manne.

"Haya mpelekee Mwanapili," alimwambia mzee. "Mwambie aje anipimie upenu huu. Watu wananiumizia migongo."

Mzee Futi Sita alipokea kifurushi, akarekebisha kofia kwa kidole chenye wino, akaanza kutoka. Hakuinama.

"Mzee, kichwa," Redio alimwonya kwa mazoea.

"Hakifiki," alisema mzee, akapita.